Puto la Kamera Lianzie Kijijini Litakakoangukia

Kwa muda sasa baadhi yetu tunaoishi Dodoma, tukiwemo walimu wa sayansi, mafundi redio na vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, tumekuwa tukijadili wazo la kurusha puto lenye kamera hadi kwenye stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya hili tunaloishi ndani yake, na kulifanya jambo hilo kuwa mradi wa jamii badala ya burudani ya watu wachache wenye fedha. Naliunga mkono wazo hili bila kusita. Hata hivyo, naona mjadala wetu umeelemea upande mmoja: tunazungumza mno juu ya kimo ambacho puto litafikia na picha zitakazopigwa, lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza mzigo wake utaangukia shamba la nani. Kwa maoni yangu, mradi huu utastahili kuitwa wa jamii endapo tu wenyeji wa vijiji vinavyoweza kuangukiwa watashirikishwa kabla hata ya gesi kununuliwa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuliona jambo hili, puto lenyewe ni la mpira mwembamba, la aina ileile inayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa duniani kote, na hujazwa heliamu au haidrojeni. Chini yake hufungwa parashuti, na chini ya parashuti hufungwa boksi jepesi lenye kamera, vipimo vya joto na shinikizo la hewa, na kifaa cha redio kinachotuma mahali lilipo. Likiachiwa, hupaa kwa kasi ya takribani mita 5 kwa sekunde. Kadiri linavyopanda ndivyo shinikizo la hewa inayolizunguka linavyopungua na gesi iliyomo ndani inavyotanuka, hata puto lililoondoka ardhini likiwa na kipenyo cha mita 2 hivi likawa pana kuliko vyumba vingi vya madarasa yetu. Katika kimo cha kilomita 30 hivi, ambako shinikizo hubaki kama asilimia 1 tu ya lile la usawa wa bahari, mpira hufika mwisho wa uvumilivu wake na kupasuka, kisha parashuti huuteremsha mzigo. Kupanda huchukua kama saa moja na nusu, na kushuka huchukua muda mfupi zaidi.

Sehemu kubwa ya vifaa hivyo haitatushinda. Boksi la povu jeupe, kama yale yanayobebea samaki wa barafu, linatosha kwa kazi hii, na fundi cherehani yeyote makini anaweza kushona parashuti ya nailoni akipewa vipimo. Ugumu uko kwenye baridi na mawasiliano. Betri za kawaida hulegea zikipigwa na baridi ya huko juu, kwa hiyo ni heri kununua za lithiamu ingawa ni ghali. Mtandao wa simu nao hupotea mapema baada ya puto kuondoka, na hata likishatua katika pori la Manyoni huenda usipatikane kabisa, hivyo anayetegemea simu peke yake kulifuatilia puto anajitafutia hasara. Vilevile, baadhi ya vipokezi vya GPS, yaani vifaa vinavyotambua mahali vilipo kwa kutumia satelaiti, huacha kufanya kazi vikipita kimo cha kilomita 18, kwa sababu ya kikomo kilichowekwa zamani ili visitumike kuongozea makombora. Ni lazima kuchagua kipokezi ambacho watengenezaji wake wamethibitisha kuwa kitaendelea kufanya kazi juu ya hapo.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili limekwisha kufanywa Ulaya na Marekani mara nyingi, kwa hiyo hakuna jipya la kutafuta. Siafikiani nao. Anga la ukanda wa ikweta halifanani na la kwao. Katika nchi kama Uingereza, joto hupungua kadiri unavyopanda hadi kimo cha kilomita 11 hivi, kisha huacha kupungua, na hapo ndipo stratosfia inapoanzia. Juu yetu sisi mpaka huo uko kwenye kilomita 16 au 17, na kwa kuwa hewa imeendelea kupoa kwa safari ndefu zaidi, hapo baridi hukaribia nyuzi 80 chini ya sifuri. Mwanafunzi wa Dodoma atakayechora grafu ya vipimo vya puto lake ataona kwamba sehemu yenye baridi kali kuliko zote katika tabaka la hewa tunaloishi ndani yake iko juu ya nchi za joto, jambo ambalo si rahisi kulisadiki kwa kuambiwa tu.

Tena historia ya elimu hii imepita katika ardhi yetu. Mwaka 1908, sehemu kubwa ya nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani, mwanasayansi Arthur Berson alikuja Afrika Mashariki na maputo yenye vipimo, akayarusha hata katika eneo la Ziwa Victoria. Aligundua kwamba katika kimo cha kilomita 20 hivi kulikuwa na upepo unaovuma kutoka magharibi, wakati wataalamu walitarajia upepo wa kutoka mashariki, kwa kuwa hivyo ndivyo majivu ya volkano ya Krakatoa yalivyosafiri mwaka 1883. Fumbo hilo lilieleweka miaka ya 1960, ilipobainika kwamba upepo wa stratosfia juu ya ikweta hugeuka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kurudi katika mzunguko wa takribani miezi 28. Kwetu sisi hili lina maana ya moja kwa moja: njia itakayopitwa na puto mwaka huu haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo ya mwaka ujao, na orodha ya vijiji vya kuzungumza navyo haina budi kuwa ndefu.

Faida nyingine ya Dodoma ni kuwa katikati ya nchi. Kwa hesabu ya jiometri, kamera iliyoko kilomita 30 juu ina upeo wa macho ulio umbali wa zaidi ya kilomita 600, na ndani ya duara hilo, ukilichora kutoka Dodoma, zimo Bahari ya Hindi pamoja na Unguja, Mlima Kilimanjaro na fukwe za kusini za Ziwa Victoria. Sisemi kwamba vyote vitaonekana vizuri, kwa sababu ukungu na mawingu vina lao la kusema. Ndiyo maana ningechagua mwishoni mwa Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha kuosha anga na moshi wa uchomaji wa nyasi ukiwa bado haujatanda. Wakati huo pia mtama na uwele umeshavunwa au unakaribia kuvunwa, na tambarare za Bahi, ambazo masika huzigeuza kuwa dimbwi, zinaanza kupitika.

Miezi hiyo upepo wa chini huvuma zaidi kutoka kusini mashariki. Tukirushia Kongwa au Mpwapwa, mzigo unaweza kuangukia Chamwino, Bahi, Chemba au hata nje ya mkoa, kutegemea upepo wa juu wa siku hiyo, na hao ndio watu ninaowazungumzia. Boksi lenye nyaya na taa likishuka kutoka angani bila taarifa litazua hofu, na hofu hiyo itakuwa ya haki. Kongwa yenyewe ina kumbukumbu ya Mpango wa Karanga, mradi wa mashamba makubwa ya karanga yaliyolimwa kwa mitambo, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya mitambo mizito kushindana na udongo unaokauka ukawa mgumu na mvua zisizotabirika, mambo ambayo mkulima wa Kigogo angeweza kuyaeleza bila kulipwa ushauri. Puto ni jambo dogo mno mbele ya karanga zile, lakini tabia ya kufika na mpango uliokwisha kupangwa ni ileile.

Kwa hiyo tuanze na mikutano ya vijiji, kupitia wenyeviti na watendaji, tukieleza kwa Kiswahili na, inapobidi, kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Boksi liandikwe waziwazi kuwa ni chombo cha kupimia hewa, halina madhara, na liwe na namba ya simu ya mhusika. Vijana wanaochunga ng'ombe ndio watakaoliona kwanza, kwa kuwa wanalijua kila korongo, na wao ndio wawe kikosi chetu cha utafutaji, walipwe kwa kiwango kilichotangazwa mbele ya wote ili pasizuke ugomvi. Tukubaliane pia kwamba gari halitapita katikati ya shamba la zabibu la mtu hata kama kamera iko upande wa pili, na kwamba vipande vya mpira vitaokotwa vyote, kwa sababu mbuzi hali kwa kuchagua.

Vibali ni suala la subira tu. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huliweka puto lenye mzigo usiofika kilo 4 katika kundi jepesi, na hilo linatusaidia, lakini bado ni lazima kuiandikia mapema Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na kuiona Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kuhusu masafa ya redio. Kwa kuwa Dodoma ni makao makuu ya Serikali, kamera inayoruka karibu na mji itauliziwa na vyombo vya ulinzi na usalama, na ni sahihi iuliziwe. Hii ni sababu nyingine ya kurushia mbali na mji.

Gesi ndiyo itakayotafuna michango yetu. Inachekesha kidogo kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kugunduliwa kwa akiba kubwa ya heliamu katika bonde la Rukwa, ilhali sisi tutahangaika kutafuta mtungi mmoja. Haidrojeni ni rahisi kupatikana, lakini huwaka kwa cheche ndogo, na kwa mradi wenye watoto wa shule wanaolizunguka puto siwezi kuipendekeza.

Picha zikipatikana, nakala kamili ya kadi ya kumbukumbu pamoja na vipimo vyote ibaki katika shule ya kijiji kilichoangukiwa, na puto la pili lirushwe kutoka uwanja wa shule hiyo, walimu wake wakiwa ndio wasimamizi. Huenda kijiji chenyewe kikawa mbali na lami, na mtungi wa gesi ukalazimika kusafirishwa kwa trekta. Gharama hiyo iingizwe katika bajeti sasa, wakati bado tunachangishana.