Mashine ya kuchambua korosho inafundishwa na nani?

Wiki iliyopita nilitoka kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho huku Mtwara nikiwa na hasira ambayo bado haijaisha. Mgeni aliyeleta kamera na modeli ya akili mnemba aliwaambia kinamama wa meza ya kuchambua kwamba mashine imeshajua kuona, wao wasogee pembeni. Wakasogea. Haikupita nusu saa, korosho nzima, nyeupe, zikawa zinatupwa kwenye kapu la zilizoungua. Jua lilikuwa limeingia dirishani, likazigeuza rangi machoni pa kamera.

Imejua kuona nini? Modeli nyingi za namna hii, yaani programu zinazojifunza kwa kuonyeshwa picha, zimelelewa na hazina ya picha iitwayo ImageNet: picha zipatazo milioni 1.2, makundi 1,000, na zaidi ya 100 kati ya hayo ni aina za mbwa. Daraja la korosho halimo. Daraja la W240 ni punje nzima zisizozidi 240 kwa ratili, la W320 zisizozidi 320. Kati ya punje ya daraja hili na ya lile kuna kama nusu gramu tu, na bei inabadilika hapo.

Msingi huo una faida yake, nakubali. Mwaka 2017 watafiti wa magonjwa ya mihogo hapa Tanzania walichukua modeli iliyokwishafunzwa hivyo, wakaiongezea picha 2,756 tu za majani, wakazikata jani moja moja, ikapatia kwa asilimia 93. Sawa. Lakini wataalamu wa mihogo ndio waliosema hili ni batobato, hili ni michirizi ya kahawia. Bila wao zile ni picha za majani tu.

Kwetu mtaalamu ni mama mmoja mwenye vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nilimwonyesha punje ambayo kamera iliipitisha. Hakujibu, aliigeuza: imeungua mgongoni. Kamera ilikuwa inatazama upande mmoja, na katika watu wote waliokuwa na kompyuta mezani, mimi nikiwemo, hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Nikamwuliza anajuaje iliyoungua na ambayo ni nyeusi tu kwa kivuli. Akasema, "Ya kivuli ukiisogeza inarudi." Hiyo ni kazi ya miaka, na inastahili malipo.

Na tuache kushangilia asilimia. Punje mbovu zikiwa 3 katika 100, mashine inayosema zote nzuri imepatia 97.

Jumatatu tunaanza upya: sanduku lililofungwa lisiloingiza jua, taa moja isiyohamishwa, kamera mbili, juu na chini. Kinamama wawili wataandika daraja la kila picha, kila mmoja peke yake, na pale wanapotofautiana tutakaa tuwasikilize. Nimeomba saa hizo walipwe kama wataalamu, si kama vibarua wa kuchambua. Ofisi bado haijajibu, nami sitawasha kamera kabla haijajibu.