Walichukua mkia, wakaacha injini

Cadillac ya mwaka 1948 ukiitazama kwa mbele ni gari kubwa kama mengine ya enzi zake. Zunguka nyuma. Juu ya taa vimechomoza vipezi viwili vifupi, na taa ya kushoto inanyanyuka kama kifuniko: chini yake ndimo mafuta yanamojazwa. Asili ya vipezi hivyo ni P-38 Lightning, ndege ya kivita ya Lockheed yenye injini mbili na mikia miwili. Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors, kampuni mama ya Cadillac, aliwapeleka vijana wake kuiona mwaka 1941 katika uwanja wa Selfridge, Michigan. Walioneshwa kwa mbali, maana ilikuwa bado siri ya jeshi.

Cha kuchekesha ni kwamba injini za ndege hiyo zilitengenezwa na Allison, tawi la General Motors yenyewe. Kampuni iliijua ndege kwa ndani, lakini kilichofika kwa mnunuzi ni mkia.

Vita vilipokwisha urembo huo wa kuiga ndege ukasambaa. Buick ya 1949 ilitobolewa matundu ubavuni, muda si mrefu yakazibwa kwa ndani, yakabaki pambo. Studebaker ya 1950 ilipewa pua ya mviringo kama kitovu cha rafadha, yaani propela ya ndege. Kufikia 1959, mapezi ya Cadillac yalikuwa marefu kuliko yote, na taa zake zimechongoka kama moto wa jeti.

Watetezi wa urembo huo wana hoja, tena si ya kupuuzwa. Virgil Exner wa Chrysler alidai mapezi yanalituliza gari upepo unapopiga ubavuni. Kifizikia ni kweli: ndiyo kazi ya manyoya ya mshale. Ila kwa gari zito kiasi kile, kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani, sidhani kama dereva aliuhisi msaada huo. Kioo cha mbele kilichokunjwa hadi ubavuni, mithili ya chumba cha rubani, kilipanua upeo wa macho; lakini kwenye kona zake vitu vilionekana vimepinda, na nguzo yake iliyorudi nyuma iliwagonga watu magoti wakiingia.

Kwangu mimi, aliyejifunza kwa ndege kwelikweli ni kampuni ya magari ya Nash. Airflyte yake ya 1949 ilipimwa kwenye handaki la upepo, yaani chumba kinachopulizwa upepo ili kuona unavyolipita gari, bodi na chesisi vikaunganishwa kuwa kitu kimoja, kama kiwiliwili cha ndege. Mbele ya dereva geji zote zilikusanywa katika kasha moja juu ya nguzo ya usukani. Haikuwa na pezi hata moja. Hata magurudumu ya mbele yalifunikwa ili upepo upite vizuri, na Wamarekani walipoiona wakaiita beseni la kuogea.