Mwalimu aliitambua Biafra, acheni kumficha

Kila ikifika Oktoba 14, redio zetu humgeuza Mwalimu kasuku wa neno moja: umoja, umoja, umoja. Safari hii mchambuzi mmoja kapitiliza. Eti Nyerere hakuwahi, maisha yake yote, kuunga mkono watu kujitenga. Katu! Mtangazaji akaitikia "kabisa mzee wangu", wakaenda matangazo ya biashara. Nikabaki nabishana na redio jikoni, hadi mke wangu akaja kuuliza nagombana na nani.

Na Aprili 13, 1968 tuiweke wapi? Siku hiyo Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga Mashariki mwa Nigeria. Na aliyefanya hivyo ndiye yuleyule aliyesimama Cairo mwaka 1964 kuitetea mipaka tuliyoachiwa na wakoloni. Hakuwa mpenda kuvunja nchi. Kuna kitu kilimfikisha pale.

Ukiuliza kijiweni ni kitu gani, jibu liko tayari: "Waigbo walitaka mafuta yao." Mafuta! Basi tufuate tarehe. Januari 1966 maofisa wa jeshi, wengi wao Waigbo, walipindua serikali ya Nigeria. Waziri Mkuu Tafawa Balewa akauawa, na Ahmadu Bello wa Kaskazini naye akauawa. Julai maofisa wa Kaskazini wakalipa kisasi, Jenerali Ironsi, Mwigbo aliyeshika nchi baada ya Januari, akauawa, na Gowon akashika nchi. Haya, wanajeshi na wanajeshi. Lakini Waigbo wa kawaida waliokuwa Kaskazini, muuza duka wa Kano, karani wa reli wa Kaduna, fundi wa Jos, wao walimpindua nani? Waliuawa Mei, wakauawa tena Septemba na Oktoba, na pengine wauaji walikuwa askari wenye sare. Wapo wanaokadiria waliokufa kufikia 30,000. Zaidi ya milioni moja walikimbilia Mashariki na walichoweza kubeba. Januari 1967 viongozi wakakutana Aburi, Ghana, wakakubaliana kulegeza shirikisho. Kila upande ukarudi nyumbani na tafsiri yake. Mei 27 Gowon akaigawa nchi majimbo 12. Mei 30 Ojukwu, gavana wa Mashariki, akatangaza Biafra.

Yaani watu walifukuzwa kwanza, kisha wakalaumiwa kwa kuondoka! Serikali inayotazama raia wake wakichinjwa kwa kabila lao, halafu inawafuata kwa mizinga ikiwaambia "rudini, sisi ni ndugu", inadai umoja kwa haki ipi? Mwalimu alilisema hili waziwazi: umoja hujengwa kwa ridhaa ya wanaoungana. Mafuta yalikuwepo, ndiyo, na Uingereza iliyokuwa ikiiuzia serikali ya Nigeria huko Lagos silaha haikuyasahau. Ila yanaeleza zaidi kwa nini Lagos iligoma kuwaachia kuliko kwa nini wao waliondoka.

Msiniletee Katanga, lile jimbo la Kongo. Tshombe alijitenga Julai 11, 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, huku askari wa Kibelgiji na fedha za kampuni ya madini zikiwa nyuma yake. Nani alikuwa amewachinja?

Lipo moja nalikubali, kwa shingo upande. Makabila madogo, Waijaw, Waefik, Waibibio na Waogoni, yalijikuta ndani ya Biafra, na wengi wao hawakuitaka. Isaac Boro, Mwijaw, alikuwa ametangaza jamhuri yake ya Delta mapema 1966. Ilidumu siku 12, na vita vilipokuja akapigana upande wa Lagos. Ojukwu naye alikataa chakula kisipitishwe kwa barabara wakati watoto wanakufa. Sina utetezi.

Najua pia wengine mnawaza nini: na Zanzibar je? Mwalimu aliulizwa mwaka huohuo wa 1968. Akajibu kwamba Wazanzibari walio wengi, bila kusukumwa na mtu wa nje, wakiona Muungano unawadhuru, yeye hawezi kuwapiga mabomu ili wabaki. Jaribu kulisema hilo redioni leo, uone matangazo ya biashara yatakavyoingia haraka.

Vita vilikwisha Januari 1970. Waliokufa wanakadiriwa kati ya milioni moja na tatu, wengi kwa njaa. Gowon akatangaza hakuna mshindi wala mshindwa. Kisha waliokuwa na akiba benki huko Mashariki wakalipwa pauni 20 kila mmoja, awe aliweka mia, awe aliweka elfu. Ndugu hao.