Herufi za mawe chini ya Mlima Aragats

Sanamu za majemadari juu ya farasi zimenichosha. Karibu kila mji mkuu unazo, na ukiishaona moja huoni la ajabu katika nyingine. Ndiyo maana nilifurahi kupelekwa nje ya kijiji cha Artashavan, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Yerevan, mji mkuu wa Armenia, mahali ambapo Waarmenia wamejengea kumbukumbu alfabeti yao.

Ni herufi 39 za mawe ya volkano, zimechongwa kwa nakshi na kusimamishwa kwenye miteremko ya Mlima Aragats, bila ukuta wala paa. Msanifu wake ni Jim Torosyan, na ziliwekwa mwaka 2005, miaka 1600 tangu mtawa Mesrop Mashtots abuni maandishi haya. Unazunguka katikati yake ukitafuta. Familia nilizozikuta pale zilisaka herufi ya kwanza ya jina la mtoto, zikampandisha juu ya jiwe na kumpiga picha. Wapo watakaosema huo ni utovu wa adabu. Mimi naona mtoto anayekalia herufi yake ameielewa kumbukumbu hii kuliko mtu mzima anayesoma kibao kimyakimya.

Mashtots, ambaye kaburi lake liko Oshakan, mkoa huohuo, hakubuni herufi kwa kujifurahisha. Mwaka 387 Armenia ilikuwa imegawanywa kati ya Roma na Uajemi. Kanisani maandiko yalisomwa kwa Kigiriki au Kisiria, na muumini wa kawaida hakuambulia kitu. Kwa kuungwa mkono na Mfalme Vramshapuh na Sahak, mkuu wa kanisa, Mashtots alitunga herufi 36, zikiwemo za irabu, zilizokaa vizuri na sauti za Kiarmenia. Nyingine zimeongezwa baadaye. Koryun, mwanafunzi wake, anasimulia kwamba maneno ya kwanza kutafsiriwa yalitoka kitabu cha Mithali, pale panapotajwa kujua hekima na adabu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba herufi hizo zipo bado. Majirani wa Waarmenia, Waazeri wa Azerbaijan, katika karne ya 20 peke yake, walitoka kwenye herufi za Kiarabu wakaingia za Kilatini, wakahamishiwa za Kirusi, kisha wakarudi Kilatini baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Uturuki iligeuza mwaka 1928. Waarmenia, hata chini ya Moscow, walibaki na herufi zao, ingawa tahajia ilifanyiwa mageuzi. Lugha ya karne ya 5 inamshinda mtoto wa shule wa leo, lakini herufi zake anazitambua.

Hapo, nakiri, nilipata wivu. Sisi wa Kiswahili tumo katika kundi la waliohama. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake, karibu mwaka 1858, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama barua na tenzi nyingine nyingi za pwani. Leo wengi wetu tunausoma katika Kilatini tu; tukipewa muswada wenyewe tunageuka wageni. Sidai turudi kule. Herufi za Kiarabu zilikuwa na taabu yake: irabu tatu kwa lugha yenye tano, na p na ch za kutafutiwa alama. Kilatini kimeturahisishia mambo, na aliyejifunza kusoma kwa miezi michache anajua faida yake.

Lakini watoto wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja tayari wanazisoma herufi za Kiarabu chuoni, yaani madrasani. Kilichobaki ni kidogo mno: mwalimu awawekee mezani beti chache za utenzi wa kale, nakala ya mkono wa mwandishi mwenyewe, wazitamke kwa sauti. Naamini beti za kwanza zitawakwaza, kisha watacheka watakapogundua kwamba yule mtu wa zamani anaongea Kiswahili.