Kabla hujashushwa kisiwani, jifunze kuelea

Mbukwenyi ndugu zangu. Leo nataka niongelee bahari, na najua kuna mtu atauliza mgogo wa Dodoma na bahari wapi na wapi, ila kaka yangu anafanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii na mwajiri wao anaruhusu mfanyakazi kupandisha ndugu kwa bei ya chini, zamu yangu ikafika. Siku 14. Tukaanzia Port Louis kule Mauritius, tukapita Réunion, tukaenda Nosy Be ya Madagaska, tukamalizia Shelisheli. Nimerudi na picha nyingi sana, lakini kuna jambo moja linanikaa moyoni mpaka leo na naomba niliseme wazi: meli zisishushe watu kusnokeli kwenye matumbawe kama hazijawafundisha kuelea. Tena mi nilikuwa mmoja wa hao walioshushwa.

Kwa ambaye hajawahi kuona, kusnokeli ni kulala kifudifudi juu ya maji, umevaa miwani inayoziba macho na pua, mdomoni una mrija wa kupumulia unaotokeza juu, miguuni mapezi ya mpira. Huzami, unaelea tu unaangalia chini. Inasikika rahisi. Sasa mtu wa kwetu ameoga wapi maji mengi? Korongo likijaa linasomba mtu kwahiyo mama anakukataza, bwawa la Mtera kuna mamba na viboko, bwawa la Hombolo tuliambiwa kuna kichocho. Nimekua mtu mzima sijawahi kulala juu ya maji hata dakika moja.

Nosy Be meli haikukaribia gati, ilitia nanga mbali kidogo na watu wakashushwa kwa boti. Saa mbili asubuhi tunapewa namba, foleni mpaka karibu saa nne, afu boti nyingine ya kwenda Nosy Tanikely, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa juu, eneo la hifadhi, maji yake yako wazi kiasi kwamba kivuli cha boti unakiona kwenye mchanga chini. Saa tano ndo tunaingia majini, na saa sita na nusu kila mtu awe ametoka manake ukichelewa meli haikusubiri. Mafunzo tuliyopewa ni haya: vaa hii, ng'ata hii, ingia. Basi. Tulikuwa kama 30 hivi na ukiangalia nyuso unajua kabisa nusu yetu hatujui kitu.

Nikaingia. Dakika mbili za kwanza sina maneno ya kuzielezea, kuna pono wanang'ata tumbawe na unasikia kabisa kru kru kru masikioni, kuna wale wadogo rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanajificha kwenye vidole laini vinavyopepea, kasa mmoja akapita chini yangu taratibu kama mzee anayetoka msikitini, hana haraka na mtu. Nikatabasamu. Kumbe ukitabasamu mashavu yanainuka, miwani inaachia upenyo na maji yanaingia, yakafika puani, nikavuta, nikameza chumvi, na hapo akili yote ikaondoka. Nikatafuta pa kukanyaga.

Nikapapata, nikasimama. Chini ya mguu wangu wa kulia kitu kikavunjika, nilikisikia mpaka gotini, mlio uleule wa kuvunja bua la mtama lililokauka shambani baada ya mavuno. Nilipotuliza miwani nikaangalia chini kuna tawi la tumbawe kama urefu wa mkono wangu limelala pembeni, pale lilipokatikia peupe kabisa. Nikaangalia wenzangu, watatu wanne nao wamesimama vilevile, maji kifuani, wanakohoa, wamekanyaga wasichokijua.

Tumbawe ni mnyama jamani. Ni vijidudu vidogo maelfu wanaishi pamoja wakijenga nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao kuna mwani mdogo mno usioonekana kwa macho unaowalisha kwa nguvu ya jua. Yale ya matawi yakiwa na bahati yanakua sentimita 10 hivi kwa mwaka, yale ya mviringo kama jiwe ni kama sentimita moja tu. Kwahiyo kile nilichokivunja kwa sekunde moja ya woga kilijengwa miaka, na wiki inayofuata meli nyingine inaleta wengine 30.

Kuna atakayesema si kuna laifu jaketi. Ndio ipo, na mi nilivaa, na hili ndo watu wengi hawalijui: laifu jaketi ikijaa upepo inakusimamisha. Kazi yake ni kuweka kichwa juu usife, na inaifanya vizuri, lakini kichwa kikiwa juu miguu inaning'inia chini, na miguuni una mapezi marefu, kila ukipiga teke unafagia matumbawe. Mtu anayejua kulala kifudifudi ametulia hagusi kitu hata maji yakiwa ya kiuno. Halafu kuna suala la maji kupwa. Wavuvi wanajua bamvua, zile siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, ni lini na wanapanga siku yao kwa hilo, ila ratiba ya meli imeandikwa mwaka mzima kabla, inafuata saa, kwahiyo mnaweza kushushwa wakati maji yamepwa na matumbawe yako karibu kugusa tumbo.

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba muda wa kufundisha ulikuwepo. Kati ya Réunion na Nosy Be tulikaa kama siku mbili nzima baharini hamna hata kisiwa, watu wanakula, wanalala, wanacheza bingo, na juu kabisa ya meli kuna bwawa la kuogelea maji yanameta. Nusu saa tu mle ndani ingetosha kumfundisha mtu vitu vitatu vinne: kutema mate kwenye kioo cha miwani na kusuuza ili kisiingie ukungu, kupuliza kwa pua ukibonyeza juu ya miwani maji yatoke, kulegeza shingo, kulala dakika tano bila kushika kitu. Asiyeweza hizo dakika tano abaki ufukweni au apande boti ya kioo chini, na asione ameonewa. Bahari yenyewe ina chumvi nyingi inakubeba kuliko bwawa, kwahiyo aliyeweza bwawani huko ataweza tu.

Na msiniambie abiria watalalamika wakikatazwa. Réunion tangu 2013 kuoga nje ya yale maji tulivu yaliyozungukwa na miamba na sehemu maalumu zenye ulinzi imepigwa marufuku kwa sababu ya papa, watu wamewahi kuuawa pale, na sikusikia abiria hata mmoja akibisha, wote tulienda maji tulivu ya l'Ermitage tukaoga palipoachwa wazi. Mtu akikatazwa kwa ajili ya uhai wake anaelewa. Aambiwe basi na huu uhai mwingine ulioko chini yake.

Shelisheli nilipanda boti ya mzee mmoja pale Victoria tukaenda hifadhi ya Ste Anne, imetengwa tangu 1973. Yeye kabla ya kuturuhusu alitufanya tushike kamba ya boti tulale kifudifudi mmoja mmoja huku anatuangalia miguu. Robo saa tu! Afu akatuonyesha chini kifusi cha kijivu, akasema haya yalikufa 1998. Mwaka ule bahari ilipata joto kali, ule mwani wa ndani ukatoka, matumbawe yakawa meupe, na visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Yanarudi, yanajikongoja, 2016 joto likapiga tena. Kiumbe anayeamka kwenye ugonjwa wa namna hiyo ndo unamletea watu 30 wasiojua kuelea wenye saa moja na nusu? Joto la dunia mi na wewe hatuwezi kulizima leo jioni. Mguu unazuilika.

Ningekuwa napanga mimi ningepunguza vituo. Visiwa vitatu badala ya sita, kila kimoja kutwa nzima au na usiku wake, watu waingie majini maji yakiwa yamejaa, wawili watatu kwa mwongozaji mmoja. Kisiwa ulichokaa masaa matatu unakumbuka foleni tu.

Kwa nyie wa huku kwetu, msisubiri meli. Tangu treni ya SGR ianze 2024 Dodoma mpaka Dar ni chini ya saa nne ukipanda ile ya haraka, unavuka kwa boti kutoka Kunduchi kwenda Mbudya, nako ni hifadhi na kuna matumbawe, Mafia kuna papa potwe, wale wakubwa wasiodhuru mtu, kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi. Ila kabla hujakata tiketi tafuta bwawa hapahapa mjini, mahoteli kadhaa wanaruhusu kwa kiingilio, miwani na mrija nunua vyako vikukae usoni vizuri, jaribu hapo mpaka uchoke.

Mpwa wangu ana miaka tisa, tunakwenda kila Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwezi wa kwanza alikuwa ananing'ang'ania shingoni, ukimwachia anapiga kelele bwawa zima linageuka. Juzi amelala kifudifudi mrija mdomoni, mikono imelegea, nikahesabu dakika tano na sekunde kadhaa, miguu haijagusa chini hata mara moja. Desemba nampeleka Mbudya.