Sharika za pembezoni mwa Moshi: vyombo vipya au jumuiya?

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri duniani. Ndiyo maana ukisema kuna sharika zinazofifia hapa Moshi, utajibiwa haraka kwamba waumini wanaongezeka. Kwa jumla, sawa. Lakini pembezoni mwa mji zipo sharika ambazo mabenchi ya nyuma yako wazi hata ibada ya pili, na kwaya ya vijana inaimbwa na watu wenye watoto wa sekondari.

Watu wapo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 184,000 katika Manispaa ya Moshi. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 221,000. Kila palipokuwa na shamba la mahindi leo pana vyumba vya kupanga. Kwa nini basi mpangaji anapita mlangoni mwa kanisa Jumapili asubuhi na kwenda zake?

Wapo wanaosema dawa ni kubadili ibada. Liturujia ifupishwe, waimbaji wapate gitaa na ngoma, matangazo yapungue, mnada wa ndizi na kuku usitufikishe saa nane mchana. Hoja yao ina uzito. Kijana aliyepata kipaimara kwetu kisha akahamia huduma ya kwenye turubai hakuvutwa na spika peke yake. Kule kuna mtu alimwuliza jina, akamwekea mikono, akamwombea apate kazi, na wiki iliyofuata akampigia simu.

Ila vyombo ni fedha, na fedha ni mchango mwingine. Anayeuza mitumba soko la Mbuyuni na kulipa kodi ya chumba tayari ana bahasha ya ahadi, ya jengo na ya mavuno. Kumwongezea ya kinanda ili abaki ni kumfukuza kwa heshima.

Wengine wanasema turudi kwenye jumuiya, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja majumbani, na hapa historia iko upande wao. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi hadi 1938, aliujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, vifungo ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari. Wakatoliki nao, kupitia maaskofu wa Afrika Mashariki, waliipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika miaka ya 1970. Mimi naegemea upande huu. Jumuiya ndiyo inayojua nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajaonekana.

Hata hivyo, ujirani wa Gutmann ulikuwa wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga: majirani walizaliwa pale na kuzikwa pale. Mpangaji wa leo anatoka Rombo, Machame, Same au Singida, na mwakani huenda akahama. Jumuiya inakutana kwa mwenye nyumba, saa ambayo dereva wa bodaboda yuko kijiweni na mama wa genge amekwenda kuchukua nyanya. Anayekuja mara moja bila kujua wimbo wala mwenyeji hatarudi.

Halafu kuna jambo tunalolikwepa: mazishi. Wengi wanaoishi mjini wameacha majina yao kwenye usharika wa mlimani, na sadaka wanaituma huko, kwa sababu ndiko watakakozikwa. Wanaogopa kwamba siku ya msiba wazee wa kanisa watafungua daftari na kusema huyu hatumfahamu. Hofu hiyo haiondolewi na gitaa, wala na jumuiya inayodai barua ya utambulisho kabla ya kukukaribisha kusali.

Kwa maoni yangu kazi ianzie hapo. Usharika wa mjini na ule wa nyumbani wakubaliane kumtambua mtu mmoja pande zote mbili, bila kumtoza michango mara mbili. Kila jumuiya iwe na mzee mmoja wa wapangaji, naye awe mpangaji, na wakutane saa watakayoichagua wenyewe, hata ikiwa saa tatu usiku kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Mwinjilisti apimwe kwa milango aliyobisha hodi kabla hajapimwa kwa sadaka iliyokusanywa. Vijana wakishakuwepo, waulizwe wao wenyewe wanataka kuimba nini na kwa chombo gani. Huenda wakachagua kitabu cha nyimbo kilekile.