Bonasi baada ya benki kuanguka: tatizo ni tarehe ya malipo

Machi 2009, kampuni ya bima ya AIG ililipa takriban dola milioni 165 za bonasi kwa watumishi wa kitengo chake cha biashara ya fedha, kitengo kile kile kilichoitumbukiza shimoni. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa na karibu asilimia 80 ya hisa za AIG, baada ya kuinusuru kwa fedha za walipakodi. Watu wakachemka. Siku chache baadaye Baraza la Wawakilishi likapitisha, kwa kura 328 dhidi ya 93, muswada wa kuzitoza bonasi za namna hiyo kodi ya asilimia 90. Muswada ule haukuwahi kuwa sheria.

Hasira ile naielewa, na kwa sehemu kubwa ninayo mimi pia. Hata hivyo, watetezi wa bonasi wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Malipo yale yaliahidiwa kwa maandishi kabla serikali haijaingia. Tena si kila mtu wa kitengo kile alikuwa mkosaji. Mmoja wa wakuu wake aliandika barua ya kujiuzulu, ikachapishwa katika New York Times: alikuwa amekubali mshahara wa dola 1 kwa mwaka akitegemea malipo aliyoahidiwa, na mikataba ya kudhamini madeni iliyoleta balaa, alieleza, haikuwa kazi yake. Mtu kama huyo umwambie nini? Alibaki kufagia uchafu wa wengine, na mikataba yenyewe ilikuwa imefungamana kiasi kwamba asiyeijua asingeweza kuifungua bila kuongeza hasara.

Hoja ya ahadi ile ya maandishi, yaani mkataba wa ajira, ndiyo inayonipa shida. Mkataba na mwajiri una nguvu pale mwajiri anapokuwa na cha kulipa. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani ambayo haikunusuriwa, ilifilisika Septemba 15, 2008, na wafanyakazi wakaonekana wakitoka mlangoni na maboksi ya vitu vyao mikononi. Hisa walizolipwa kwa miaka mingi kama sehemu ya ujira hazikuwa na thamani tena. Bila fedha ya umma, wenzao wa AIG wangepanga foleni na wadai wengine. Kwa hiyo aliyeitimiza ahadi ile ni mlipakodi, ambaye hakuwahi kutia saini popote.

Wala haikuwa AIG peke yake. Ripoti ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, ilionyesha kwamba benki za Citigroup na Merrill Lynch zilipata hasara ya jumla ya dola bilioni 54 mwaka 2008, zikanusuriwa kwa dola bilioni 55, na zikagawa karibu bilioni 9 za bonasi. Hapo sioni utetezi wowote.

Ila kiini cha ugonjwa kimejificha kwenye kalenda. Chukua mkopo wa nyumba wa miaka 30. Ofisa anautoa leo, ada inaingia kwenye hesabu za mwaka huu, na bonasi inalipwa mwaka ukifungwa. Mkopaji akishindwa kulipa mwaka wa nne, fedha ya bonasi imeshatumika zamani na ofisa pengine yuko benki nyingine. Faida ilihesabiwa kabla haijaiva.

Umoja wa Ulaya ulijaribu dawa ya kikomo: kuanzia 2014 bonasi isizidi mshahara, au mara mbili yake wanahisa wakiridhia. Benki zikapandisha mishahara, na mshahara ukishalipwa huwezi kuudai tena mambo yakiharibika. Uingereza ilikiondoa kikomo hicho Oktoba 2023. Naona kanuni yake nyingine, ya tangu 2015, ina akili zaidi: bonasi ya ofisa mwandamizi inaweza kudaiwa irudishwe hadi miaka 7 baada ya kutolewa.

Kwa wanaofagia baada ya msukosuko, kipimo changu ni hicho hicho cha wakati: walipwe, tena vizuri, ila umma ukisharudishiwa chake. Kwa AIG siku hiyo ilifika. Mwishoni mwa 2012 serikali ilikuwa imerudishiwa fedha zake zote na ziada ya dola bilioni 22.7, na bonasi zile zingesubiri hadi hapo, sidhani kama wengi wangenung'unika. Kwa benki ya RBS ya Uingereza haikufika: ilinusuriwa kwa pauni bilioni 45.5. Kwa mwaka 2013 ilitangaza hasara ya pauni bilioni 8.2, na bado ikatenga milioni 576 za bonasi. Serikali ilipouza hisa zake za mwisho, Mei 2025, zilikuwa zimerudi pauni bilioni 35 tu.